Vitanda Vilivyolaliwa

Bi Mwanamkisi alizaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate, akaolewa Amu, yaani mji wa Lamu, akiwa bado msichana asiyewahi kuona nyumba imepanda juu ya nyumba. Wiki zake za kwanza katika mtaa wa Mkomani alikuwa akipotea. Alitoka kwenda kwa wifi yake, milango michache tu kutoka kwake, na wakati wa kurudi akazunguka mtaa mzima, buibui limemfunika hadi puani, akiona haya kumuuliza mtu njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe. Mumewe, Bwana Abdulwahid, alimfundisha kushika kuta. "Pitisha mkono unapotembea," alimwambia. "Ukifika penye baridi kuliko kwengine, ndipo petu." Na ilikuwa kweli. Nyumba ile ya mawe ya matumbawe ilikuwa na ubaridi wake, hata jua likiwa utosini, kama mtungi uliokaa kivulini.

Waliishi humo miaka mingi, wawili tu, kwa kuwa hawakujaliwa mtoto. Abdulwahid alipofariki, nyumba ilimshinda kwa ukubwa. Ghorofani kulikuwa na vyumba ambavyo hakuvifungua kwa miezi, na siku akivifungua, zile zidaka zilizochongwa ukutani zilimtazama kama matundu yaliyohamwa na njiwa. Ndipo alipomwomba shemeji yake, Bwana Husni, nduguye marehemu, mwenye fungu lake katika nyumba na mwenye duka la mbao huko Malindi, amruhusu kupokea wageni wa kulala. Husni alimwambia, "Fanya uonavyo, shemeji," kwa sauti ya mtu anayempa mfiwa kitu cha kumsahaulisha.

Basi wageni wakaanza kuja. Wazungu wa makamo wenye kofia pana, wanafunzi wa usanifu waliokuja kuchora milango, maharusi wa bara waliokuwa hawajazoea bado kushikana mikono. Bi Mwanamkisi aliwatandikia shuka nyeupe zilizopitishwa juu ya moshi wa udi, akawawekea asumini kwenye kisahani, na asubuhi akawaandalia mahamri na mbaazi kiwandani, pale kwenye uwanja mdogo wa ndani ulio wazi kwa juu. Lakini kabla hajammiminia mtu chai, alimuuliza amelalaje, na akangoja ajibiwe.

Hiyo ilikuwa tabia ya kwao. Mbwajumali, nyumbani kwa mama yake, mtu akiamka aliulizwa alichokiona usingizini kabla hajaulizwa jambo jingine. Mama yake hakuwa mfasiri wa ndoto, wala hakutabiri neno. Alipenda tu kujua watu wametoka wapi. "Ulikuwa wapi wewe?" ndivyo alivyouliza, huku akipuliza moto, kana kwamba kila aliyelala alikuwa amesafiri na sasa ndiyo kwanza anashuka na mizigo yake.

Mwanzoni wageni walidhani wanaulizwa habari za magodoro, wakajibu kwamba magodoro ni mazuri sana. Bi Mwanamkisi aliendelea kuwatazama kwa upole, birika mkononi, mpaka wakaelewa. Mwitaliano mmoja akamwambia ameota meno yake yamegeuka kauri, na kila akifungua kinywa anasikia bahari. Mhandisi wa Nakuru aliota anapanda ngazi za nyumba ile ile, na kila ghorofa ina msimu wake: hapa mvua, pale mavuno, juu kabisa vumbi la Januari. Bibi mmoja wa Ujerumani aliota mumewe aliyekufa ameketi kiwandani anakata kucha, na wakazungumza asubuhi nzima juu ya bomba linalovuja. Aliposimulia hayo alikuwa akitabasamu. Bi Mwanamkisi alimwongezea chai bila kuulizwa.

Simu ya kutoka Nairobi ilikuja msimu wa mvua za vuli. Afisa mmoja alikuwa amepita Amu kuandikisha nyumba zote za wageni, akaacha karatasi za kujazwa kila mwezi ili ijulikane utalii wa nchi unakwendaje. Bi Mwanamkisi alizisoma mara moja, hakuzielewa, akazitumia kufunikia mkate wa sinia usiingiwe na nzi. Kisha siku moja akiwa anakuna nazi, simu ikalia.

"Ni Bi Mwanamkisi? Naitwa Quinter, napiga kutoka ofisi ya takwimu za utalii hapa Nairobi. Pole kwa kukusumbua, mama. Naomba tu kujua, mwezi uliopita vitanda vilivyolaliwa kwako ni vingapi?"

"Vilivyolaliwa vyema, ama vilivyolaliwa tu?"

 Nyuma ya Quinter zilisikika simu nyingine zikilia na watu wakitaja majina ya miji.

"Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa sana."

Quinter akacheka, kicheko kifupi cha mtu ambaye hakupanga kucheka siku ile. Akauliza wageni walitoka nchi gani, walikaa usiku mara ngapi, walikuja kwa shughuli gani. Bi Mwanamkisi alimjibu yote, mgeni mmoja mmoja, na kwa sababu hakujua kumtaja mtu nusu, alimtaja kila mmoja pamoja na ndoto yake.

"Hiyo ya meno sina mahali pa kuiandika," Quinter alisema.

"Usiiandike, mwanangu. Isikize tu."

Mwezi uliofuata akapiga tena, na uliofuata, na ikawa desturi. Quinter aliuliza ya kazi yake kwanza, kisha akanyamaza kidogo, na katika kunyamaza kule Bi Mwanamkisi alijua sasa ni zamu ya ndoto. Mara nyingine sauti za ofisi zilipungua ghafla, na ilikuwa wazi kwamba yule binti amesimama, ametoka kwenda kwenye ngazi au mahali fulani pa faragha, ili asikie vizuri.

"Nti nzima ya Kenya waipigia simu wewe?" Bi Mwanamkisi alimuuliza siku moja.

"Si mimi peke yangu. Tuko wengi. Kila mtu ana sehemu zake, halafu mwisho tunaweka pamoja."

"Mkiweka pamoja mwaona nini?"

Quinter alifikiri. "Tunaona watu wakienda," alisema. "Yaani, huoni mtu mmoja mmoja. Unaona kama maji. Nyumbu wakivuka mto kule Mara, vitanda vya huko vinajaa. Shule zikifungwa, watu wanateremka Pwani. Desemba ndiyo usiseme. Halafu mvua ya Aprili inakuja na kila kitu kinalala."

"Kila kitu isipokuwa vitanda," Bi Mwanamkisi alisema. "Vitanda ndivyo vikeshao."

Maneno yale ya maji yalimkaa. Baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo Mkomani hufunga madirisha na kuliacha joto litembee peke yake vichochoroni, alikuwa na mazoea ya kujinyoosha kwenye kitanda cha kamba chini ya boriti. Siku hizo, kati ya kulala na kuwa macho, akaanza kuviona vitanda vya nchi nzima. Aliviona vimepangwa kutoka ufukweni hadi ziwani, vingine ndani ya mahema ambako kunasikika fisi, vingine juu kwenye maghorofa ya Nairobi ambako madirisha hayafunguki, vingine vya mbao nyororo na vingine vya chuma vilivyopakwa rangi upya, vyote vimevaa shuka nyeupe. Kisha pumzi kubwa ilipita juu yake, na vitanda vya upande mmoja vikajaa watu. Ikapita tena, vikabaki vitupu na vya upande wa pili vikajaa. Hakuna aliyekuwa na haraka. Watu walinyanyuka na mito yao wakahamia kitanda kingine, kama ndege wahamapo kutoka mti hadi mti, na shuka zilikuwa bado zina joto. Yeye mwenyewe alikuwa mahali fulani pembeni, ukingoni kabisa mwa nchi, na vyumba vyake vya ghorofani vilikuwa vimeunganishwa na vyote vile kwa uzi mwembamba wa sauti ya Quinter.

Halafu ukaja mwaka wa barakoa. Ndege hazikutua tena kwenye uwanja wa Manda. Gati la Amu likawa jeupe kwa jua na tupu, na hata punda walionekana kutembea wakijiuliza kunani. Bi Mwanamkisi alivua shuka, akazikunja, akafunga madirisha. Alidhani simu ya Nairobi nayo ingekoma, lakini mwezi ulipogeuka, ikalia.

"Uko salama, Bi Mwanamkisi?"

"Alhamdulillahi. Nawe?"

"Niko nyumbani. Tunafanya kazi kutoka nyumbani. Naomba nikuulize tu, kwa sababu lazima niulize. Vitanda vilivyolaliwa?"

"Hapana hata kimoya."

"Haya. Naandika sifuri." Alinyamaza, kama desturi, lakini hapakuwa na ndoto ya kufuata, na wote wawili waliligundua hilo kwa pamoja. "Leo nimepigia watu wengi," Quinter alisema mwishowe, "na wote wameniambia hivyo hivyo. Nimeandika sifuri mpaka naiona kama yai."

Nyumba ya mawe isipolaliwa huota ukungu. Magodoro hunyonya unyevu wa kuta, mito hunuka chumvi. Bi Mwanamkisi aliliona hilo mapema, akaamua jambo. Kila adhuhuri alipanda ghorofani na mto wake na kulala chumba tofauti: leo cha mashariki, kesho cha pembeni, keshokutwa kile chenye dirisha la kutazama msikiti. Alivizungukia vyote kisha akaanza upya. Ajabu ni kwamba hakuwa amewahi kulala katika vyumba vile tangu aolewe, na kila kimoja kilikuwa na usingizi wake. Katika cha mashariki usingizi ulikuja upesi na kumtelemsha chini sana. Katika cha pembeni alielea juu juu, akisikia kila mchi na kila mtoto wa jirani. Na katika kile alicholala bibi wa Kijerumani, aliota anazungumza lugha asiyoijua na mwanamume mpole, juu ya bomba linalovuja, na akaamka akiwa ameshawishika kwamba bomba lile lilihitaji tu kubadilishwa mpira.

"Mwezi huu andika mmoya," alimwambia Quinter.

"Umepata mgeni?" Sauti ya binti ilipanda kwa furaha.

"Mimi. Nimevilala vyote."

Quinter alicheka mpaka akakohoa. "Mwenye nyumba hahesabiwi, Bi Mwanamkisi. Mgeni ni mtu aliyetoka mahali anapokaa siku zote, akaenda pengine."

"Nami nimetoka tini nikenda juu."

"Haitoshi. Ningekuandika kama ningeweza." Kisha akauliza polepole, "Uliota?" Na Bi Mwanamkisi akamsimulia habari za bomba.

Ilikuwa katika kipindi hicho ndipo Bwana Husni alipokuja kutoka Malindi. Alikuwa mtu mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, si mbaya wa moyo, lakini biashara ya mbao ilikuwa imelala na yeye alikuwa na hofu. Alikuwa amepata mnunuzi wa nyumba, mtu wa Ulaya aliyeiona kwenye picha tu. Nyumba za Mkomani zilikuwa zikienda hivyo moja baada ya nyingine, na milango yake kukaa imefungwa sehemu kubwa ya mwaka.

"Shemeji, sikufukuzi," alisema, amekaa kiwandani, kikombe cha kahawa hakikugusa mdomo wake. "Lakini nyumba tupu ni mzigo. Wageni hawarudi tena hawa. Dunia imebadilika."

"Nani aliyekwambia hawarudi?"

"Kila mtu asema."

Bi Mwanamkisi hakubishana. Alichukua simu, akampigia Quinter, akaiweka juu ya meza sauti ikiwa wazi. "Huyu ndiye ayuaye habari za wageni wa nti nzima," alimwambia Husni. "Muulize."

Husni alijikohoza. "Bi Quinter, mimi ni Husni, shemeji wa Bi Mwanamkisi. Nataka kujua jambo moya tu. Wageni watarudi?"

Bi Mwanamkisi alitazama simu. Alijua binti yule anampenda, na akatarajia, japo hakutaka kutarajia, kwamba angesema ndiyo.

"Bwana Husni," Quinter alisema, "mimi nahesabu waliokwisha kufika. Wa kesho siwajui. Wazungu bado ni wachache sana, siwezi kukudanganya. Kitu ninachokiona ni kidogo. Watu wa hapa hapa nchini wameanza kutoka. Naivasha wameanza, Diani wameanza. Wanakaa siku chache, wanarudi. Hawajafika Lamu. Kama watafika, sijui."

"Kwa hiyo niuze au nisiuze?"

"Hiyo siwezi kukuambia. Si nyumba yangu. Hata sijawahi kuiona."

Husni aliridhika na jibu hilo, kwa kuwa lilimwacha pale alipokuwa. Bi Mwanamkisi alikata simu akajihisi mpweke kidogo. Akamwandalia shemeji yake chakula cha mchana, wali na samaki wa kupaka, na walipokwisha kula wakala wa mnunuzi akatuma ujumbe kwamba amechelewa, atakuja alasiri kupima vyumba. Husni akapanda juu kuvitazama mwenyewe. Alikaa huko. Bi Mwanamkisi aliosha vyombo, akaswali, akasikiliza, hakusikia hatua. Alipopanda alimkuta amelala chali katika chumba cha pembeni, viatu kavivua na kuvipanga vizuri mlangoni kama mtoto aliyefunzwa, mkono mmoja umegusa ukuta.

Kilikuwa chumba alichozaliwa. Bi Mwanamkisi hakulikumbuka hilo mpaka alipomwona amelala humo.

Wakala alikuja na kamba yake ya kupimia, akaketi dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni, akanywa maji ya ukwaju, akachoka kungoja. Husni alishuka baada ya alasiri, nywele zimemsimama upande mmoja, macho ya mtu aliyerudi kutoka mbali. Bi Mwanamkisi alikuwa na birika mkononi. Alimuuliza kama alivyomuuliza kila mtu.

"Ulele vyema?"

Husni alipokea chai.  Alilolikuta huko hakulisema siku ile wala siku nyingine. Alimgeukia tu yule wakala akamwambia, "Mwambie mtu wako asubiri." Na katika sauti yake mlikuwa na jambo lililomfanya wakala akunje kamba bila kuuliza asubiri hadi lini.

Wageni walirudi, lakini hawakuwa wale walioondoka. Walikuja vijana wa Nairobi na Eldoret na Thika, wakibeba kompyuta zao kama watu wabebao watoto wachanga. Walilala mpaka jua likawa juu, kisha wakafanya kazi kiwandani wakizungumza na watu wasioonekana. Waliuliza kama kuna ugali. Walimwita Mama. Mwanzoni Bi Mwanamkisi hakujua kama watu hawa wako safarini au wamehamisha tu ofisi, akamuuliza Quinter.

"Hata sisi tunajiuliza," Quinter alisema. "Tulikuwa na safu ya waliokuja kupumzika na safu ya waliokuja kikazi. Sasa mtu anakwambia vyote viwili. Lakini wanakuja, Bi Mwanamkisi. Nawaona. Nimeona Lamu imeanza kupanda."

Bi Mwanamkisi aliwanunulia meza, akamwita fundi aongeze mahali pa kuchomeka nyaya, akajifunza kusonga ugali mgumu wa bara, ambao yeye mwenyewe hakuupenda. Na asubuhi, au adhuhuri, vyovyote walivyoamka, aliwauliza. Wengi wao walisema hawaoti. Walisema hivyo siku ya kwanza na ya pili. Karibu kila mara, siku chache baadaye, mmoja alitoka chumbani kimya, akaketi, akasema, "Mama, leo nimeota," kwa sauti ya kutangaza kwamba mvua imenyesha.

Alipomsimulia Quinter hayo, binti alimwomba ayarudie.

"Na wewe je?" Bi Mwanamkisi aliuliza. Ilimpitia kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza. "Wewe waota nini?"

"Mimi silali vizuri," Quinter alisema. "Tangu mama afe. Nalala kidogo, naamka, nasikiliza magari. Sijaota kitu miaka." Akaongeza haraka, "Lakini niko sawa."

"Una likizo wewe?"

"Ninazo siku."

"Basi ndoo huku kwangu, ulale."

Alikuja mwezi wa Septemba, pepo zimetulia. Bi Mwanamkisi alikuwa amemjenga kichwani msichana mwembamba mwenye miwani. Aliyepiga hodi dakani alikuwa mwanamke mpana wa umri wa kati, amevaa viatu vizuri vya bei vilivyojaa mchanga, na kwa muda Bi Mwanamkisi alimwona mgeni kama wageni. Kisha mwanamke yule akasema, "Pole kwa kukusumbua, mama," na sauti ile, iliyokuwa ikitoka ndani ya simu siku zote, sasa ilitoka kwenye uso. Walishikana mikono kizingitini. Walichozungumza kwanza ni ukubwa wa sanduku.

Quinter alizunguka nyumba akigusa vitu. Alivijua vyumba vyote kwa wageni wake. "Hiki ndicho cha meno," alisema. "Na hiki cha Mjerumani." Bi Mwanamkisi alimpa cha mashariki, chenye usingizi wa upesi. Haikusaidia. Kila asubuhi alimkuta kiwandani ameamka kabla yake, ameoga, amekaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Hakuulizwa amelalaje. Ilionekana ukatili kumuuliza.

Siku ya nne, au labda ya tano, Quinter alisema angependa kuona mahali ambapo Bi Mwanamkisi alizaliwa. Bi Mwanamkisi alishangaa kujiona anasita. Tangu mama yake azikwe alikuwa akienda Mbwajumali kwa matanga na harusi tu, akirudi na boti ya siku ile ile kwa sababu nyumba ilikuwa na wageni. Hakuwa amelala huko kwa miaka. Alimpigia shemeji yake Malindi, na Husni, bila maneno mengi, akaja kushika nyumba.

Walipanda boti ya Faza, bandari ya huko Pate, maji yalipojaa, wakapita katikati ya mikoko ambako maji ni ya kijani na hayana sauti, wakashuka, wakachukua pikipiki. Fahima, mdogo wake Bi Mwanamkisi, aliwapokea kwa kelele, kisha kwa muhogo wa nazi, kisha kwa maneno ya kulaumu.

"Umekuya kulala, ama umekuya kuchungulia kama kawaida yako?"

"Nimekuya kulala," Bi Mwanamkisi alisema.

"Basi leo wewe ndiye mgeni," Quinter alimwambia, akitabasamu. "Umetoka unapokaa. Leo ningekuandika."

"Mtu haandikwi kwao," Fahima alisema, asielewe, na akaenda kuangika neti.

Baada ya adhuhuri joto lilikaa juu ya kijiji kama mkono wa mzazi. Fahima aliwatandikia vitanda viwili vya kamba barazani, chini ya makuti, mahali ambapo upepo hupita ukitoka mashambani. Kuku walichimba vumbi. Mtu alikuwa akitwanga, mbali, bila haraka. Bi Mwanamkisi alijilaza akisema atapumzisha mgongo tu, na jambo la mwisho alilolisikia ni Quinter akivua viatu.

Alipoamka jua lilikuwa limegeuka. Alijiona hajui yuko umri gani. Boriti za juu yake zilikuwa vijiti vya mikoko vilivyofungwa kwa kamba ya usumba wa nazi, kama zamani, na kwa kitambo alisubiri sauti ya mama yake ikipuliza moto. Kisha akageuza kichwa. Quinter alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, mkono umening'inia nje ya kitanda na kuku amesimama karibu na vidole vyake akivitazama. Fahima alikuwa ameketi chini, pepeo mkononi, akiwafukuzia nzi wote wawili kwa zamu.

"Muache," Fahima alinong'ona. "Tangu mlipolala hajageuka."

Alilala mpaka adhana ya magharibi ilipokaribia. Akaamka taratibu, akaketi, akajipangusa uso na upande wa leso.  Fahima, ambaye hakujua lolote la simu wala la kukosa usingizi, alimpa kata ya maji akamuuliza, kama mama yao alivyouliza.

"Ulikuwa wapi wewe?"

Quinter alikunywa maji yote kwanza. "Ziwani," alisema. "Mama alikuwa anapima omena, gorogoro moja moja, anamwaga kwenye gunia. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Hakuniangalia, alikuwa na kazi. Nami sikuwa na haraka." Machozi yalimshuka lakini sauti haikubadilika. "Ni hivyo tu. Alikuwa anapima, na mimi nimekaa."

"Omena ni nini?" Fahima aliuliza.

"Dagaa."

"Aa," Fahima alisema kwa kuridhika, na akaanza kumuuliza wanavyokaushwa huko kwao, juani au kwa moshi, na mazungumzo hayo yakaendelea mpaka wakati wa kuswali.

Baada ya Quinter kurudi Nairobi, simu za kazi hazikudumu. Ofisi ilianzisha njia nyingine. Sasa kila mwenye nyumba ya wageni huingiza hesabu zake mwenyewe kwenye simu, na Quinter akahamishiwa kitengo cha wanaoingia nchini kwa barabara, Busia na Namanga na Malaba. Huko, asema, watu hupita na magunia na mbuzi na vyeti vya ndoa, na kuwatenganisha nani mtalii na nani si mtalii ni kazi ya kuumiza kichwa. Hupiga simu bado, siku yoyote apendayo, mara nyingine kwa sababu ameota na mara nyingine kwa sababu hakulala. Havimwishi vyote viwili.

Bwana Husni naye hakurudi Malindi moja kwa moja. Alikuta kwamba anapenda kukaa dakani asubuhi akisalimiana na wapitao, na sasa huja kila baada ya miezi michache kumpokea Bi Mwanamkisi zamu. Mahamri yake huungua, na wageni huandika hivyo kwenye mitandao. Habari za kuuza hajazitaja tena, ingawa pia hajasema hatauza.

Bi Mwanamkisi, zamu hizo zikifika, hupanda boti ya Faza. Humo abiria ni wale wale: mwalimu arudiye kazini, mama aliyetoka hospitali na mtoto mchanga, watu wa harusi na sufuria zao kubwa. Wote watalala usiku huo kwa ndugu, kwenye vitanda ambavyo hakuna simu itakayoviulizia. Huwatazama mmoja mmoja, akikisia wataota nini, mpaka vichwa vianze kuinama kwa joto na mngurumo wa injini, na boti ipite mikokoni ikiwa na karibu watu wote wamelala, isipokuwa nahodha, na mbuzi mmoja mweupe aliyefungwa mbele, akiyatazama maji.